Mimi na Mwenye Nyumba Wangu Tumeteuliwa Kwenye Tume Moja

Likasi, Alhamisi, mwezi wa kumi na moja. Mvua.

Imeanza kunyesha kabla watu hawajaamka, na bado inanyesha ninapoandika haya. Viatu vyangu vya kanisani vimelowa mpaka ndani. Nimevijaza karatasi za gazeti na kuviweka karibu na mbabula ili joto la makaa livikaushe. Pindo la kitenge changu kizuri limejaa matope mekundu. Siku nyingine ningenung'unika mpaka watu wote wa nyumbani wanikimbie. Leo nimekaa mezani, chai inapoa, nami natabasamu peke yangu.

Leo nimekuwa mjumbe wa tume ya makazi ya jiji la Likasi.

Nimeiandika ili niione kwa macho. Naiandika tena: mjumbe wa tume ya makazi.

Kwa msomaji asiyenifahamu: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kikula. Mume wangu, Deo, anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya chokaa kule Kakontwe. Tuna watoto watatu. Na sisi ni wapangaji, tangu tulipooana mpaka leo. Hilo la mwisho ndilo lililonifikisha kwenye tume. Nyumba yetu ni vyumba viwili ndani ya lupango ya Mama Henriette. Lupango, kwa ninyi mnaosoma kutoka mbali, ni kiwanja pamoja na nyumba zake zote na uzio wake. Mama Henriette anakaa nyumba ya mbele, sisi familia tatu za wapangaji tuko nyuma, bomba la maji liko katikati na choo kimoja kiko pembeni, karibu na ukuta wa jirani.

Mwezi uliopita redio ilitangaza kwamba jiji linaunda tume ya kuandika kanuni za makazi: namna ya kupangisha nyumba, namna ya kumwondoa mpangaji, viwanja vipya vitolewe wapi na vipewe nani. Kila komini, yaani kila wilaya ya jiji, itoe watu wawili, mwenye nyumba mmoja na mpangaji mmoja. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto. Nikaweka kalamu chini.

Watu wengi wa Kikula walicheka. Jirani yetu anayeuza mkaa alisema tume ni mahali watu wanapokwenda kunywa soda na kupigwa picha. Mimi pia nilicheka ili nisionekane. Lakini shajara yangu, wewe nakwambia: tangu dakika ile nilitaka kuwamo. Nilitaka mpaka nikaona aibu. Sikumwambia mtu, hata Deo.

Wapangaji wa Kikula tulikutana siku ya Jumapili katika ua wa shule yetu. Aliyetaja jina langu ni Papa Kasongo, dereva wa pikipiki, baba wa mwanafunzi wangu mmoja. Wote waliokuwa pale wanajua kilichompata. Mwenye nyumba wake alimwambia ahame katikati ya wiki, mke wake akiwa ametoka tu kujifungua, kwa sababu ndugu yake mwenye nyumba alikuwa anarudi kutoka Kolwezi na alitaka vyumba. Walihama na mtoto mchanga, vyombo vyao vikiwa juu ya mkokoteni, mchana watu wote wakitazama.

"Madame anasemaka polepole," Papa Kasongo aliwaambia wenzetu, "lakini anasemaka yote."

Mikono ikainuka. Nilijishika kifua kama mtu aliyeshtuka. Ulikuwa uongo. Kitenge nilichovaa nilikuwa nimekipiga pasi tangu asubuhi, na maneno ya kushukuru nilikuwa nayo tayari.

Jumapili hiyohiyo wenye nyumba nao walikutana, wao kwenye ukumbi wa kanisa. Wakamchagua Mama Henriette.

Na wangemchagua nani mwingine? Marehemu mume wake alikuwa mfanyakazi wa migodi. Kazi zilipokwisha na watu wakarudishwa nyumbani, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa matofali. Alifariki kuta zikiwa zimesimama bila paa. Aliyeezeka ni Mama Henriette. Alikuwa akishuka mpaka vijiji vya wavuvi kwenye ziwa Tshangalele, analeta samaki wakavu, anawauza sokoni, ananunua mabati machache, anarudi tena ziwani. Miaka ilipita hivyo. Kila bati lililo juu ya kichwa changu usiku alilipata kwa mgongo wake. Nilijua hayo tangu zamani, na bado nilikuwa namkasirikia kwa ajili ya kile choo kimoja cha watu wote.

Tulikutana bombani Jumatatu asubuhi. Ndoo yake ilikuwa inajaa.

"Banenichagua," aliniambia, na nikaona kwamba alikuwa na furaha. "Komisyo ya manyumba. Ku upande ya benye malupango."

"Ata miye, Mama. Ku upande ya balokatere," nilijibu, yaani wapangaji.

Ndoo ilijaa ikaanza kumwagika. Hakuiangalia.

"Weye? Utaenda kunishitaki kwa meya?"

"Hapana, Mama. Naenda kusemea bantu bote."

"Bantu bote. Na weye unaikala mu lupango ya nani?" Akafunga bomba. "Sawa, Madame."

Madame. Miaka yote aliniita Mama Glodi, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, kama majirani wote wa lupango wanavyoniita. Tangu asubuhi ile nikawa Madame, kana kwamba tumeonana kwenye foleni ya benki.

Hakunitisha. Afadhali angenitisha, ningejua la kujibu. Alinyamaza tu. Alikuwa na desturi ya kuwaita watoto wangu jioni awape vichwa vya samaki vilivyobaki, akaacha. Nikipita na salamu, anajibu akiangalia mchele anaouchambua. Na sisi hatuna karatasi yoyote inayosema tunakaa hapa. Tuliingia kwa neno lake, na kwa neno lake tunaweza kutoka. Katika Kikula karibu kila mtu anakaa hivyo.

Lazima niseme haki yake pia. Glodi alipougua homa ya matumbo, Mama Henriette ndiye aliyekwenda nami hospitali na kulala kwenye sakafu kando ya kitanda. Ndiyo maana ule ukimya uliniuma kuliko hofu yenyewe.

Deo si mwoga. Anafanya kazi mahali wanapopasua mawe kwa baruti. Lakini nilipomwambia yaliyotokea bombani, alisukuma sahani yake mbali.

"Kataa," akasema. "Baambie uko na kazi mingi."

"Niko na kazi mingi, kweli. Lakini nataka kuenda."

"Na akitufukuza? Unajua kutafuta nyumba sasa iko namna gani? Bakisikia batoto batatu, banasema nyumba imeisha kupata mutu."

"Njo ile nataka kuenda kusema kule, Deo. Ile umesema sasa."

Deo hakukubali, lakini hakurudia tena kuniambia nikatae. Leo asubuhi nilipoamka nilikuta amekwisha kuvipiga rangi viatu vyangu, vile ambavyo mvua imeviharibu.

Nilitembea na mwavuli mpaka barabara kubwa, nikapata teksi. Kwenye ukumbi wa ofisi ya jiji walikuwa wamepanga viti kwa mduara, bendera pembeni, na kipaza sauti kilichokuwa kinapiga kelele kila mtu akikisogelea, mpaka wakakizima. Mama Henriette alikuwa amefika kabla yangu. Alikaa upande wa wenye nyumba, kilemba cha rangi ya dhahabu, mkoba juu ya magoti. Aliniona. Aligeuza uso dirishani.

Meya hakuwapo, naibu wake ndiye aliyeongoza, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini. Alisoma majina yetu komini kwa komini: Likasi, Kikula, Panda, Shituru. Ukitajwa unasimama, watu wanapiga makofi, naibu anakupa mkono. Nimesimama mbele ya darasa karibu kila siku ya maisha yangu ya utu uzima, lakini nilipotajwa niliangusha mwavuli. Alitamka jina langu lote, lile la baba yangu pia. Nilimfikiria baba, ambaye alikufa mpangaji. Nilisimama wima kabisa.

Halafu mzee mmoja kutoka Panda, wa upande wa wenye nyumba, suti ya kahawia, akainua mkono.

"Mheshimiwa, niko na swali," alisema. "Bale bamama babili ba Kikula banatoka mu lupango moja. Ule mama mwalimu iko lokatere ya ule mama mwingine. Sasa kesho akitaka kusema kitu juu ya benye manyumba, atasema? Ataogopa. Ao atasema, na bamufukuze. Miye sina mubaya naye. Lakini tuchague lokatere mwingine mwenye kuwa huru."

Ukumbi ulinong'ona. Naibu meya alivua miwani. Kibaya zaidi ni kwamba mzee alisema kweli. Nilihisi kiti changu kinaondolewa nami bado nimekikalia.

"Madame, unasema nini?" naibu aliniuliza.

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, pamoja na mahali pa kunyamaza kidogo ili watu wafikiri. Yote ilipotea.

"Ni kweli," nilisema. "Naogopa. Niliogopa ata kuja leo. Lakini balokatere bote ba Likasi beko na benye malupango yabo. Mukitafuta lokatere mwenye haogopi mutu, hamutamupata. Na mukimupata, hatajua maneno yetu."

Nilikaa. Sikujua kama nimesema vizuri au nimejimaliza mwenyewe. Nilikuwa naangalia matope kwenye kitenge changu niliposikia kiti kinasukumwa upande wa pili. Mama Henriette alikuwa amesimama bila kuitwa.

"Papa wa Panda," alisema, "unasema huyu mama ataniogopa. Unamujua weye? Miye namujua. Ananiletea maneno ya choo tangu Glodi yake anatambaa. Mvua ikinyesha, analeta maneno ya choo. Jua ikiwaka, analeta maneno ya choo. Kama iko njia ya kumunyamazisha, unifundishe, juu miye nilishindwa."

Watu walicheka. Hata mzee wa suti ya kahawia alicheka. Mimi sikujua niweke uso wangu wapi.

"Tena mukimutoa," aliendelea, na sasa hakuwa anachekesha, "mutaweka nani? Mutu mwenye kuniitikia yee, mama, yee, mama? Nitafanya naye nini? Mutu wa vile alitoka mu nyumba yangu, akabeba mulango na madirisha, asubuhi nikakuta tundu. Huyu, kama iko na neno, ananiambia ku macho."

Tulikuwa tumekwisha kuhamia pale mpangaji huyo alipohama na mlango. Nakumbuka Mama Henriette amesimama mbele ya lile tundu. Nilimpa pole siku ile nikarudi ndani kwangu. Katika hotuba yangu yote niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo hapakuwa na neno hata moja juu ya mlango wake.

Naibu meya hakumwacha akae.

"Mama, unaweza kutuhakikishia hapa, mbele ya watu wote, kwamba huyu hatatolewa nyumbani kwa sababu ya maneno atakayosema katika tume?"

Mvua ilikuwa inapiga juu ya paa. Mama Henriette aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. Alichukua muda, na nilielewa kwa nini. Lupango ile ndiyo mali yake yote duniani, na walikuwa wanamwomba aseme mbele ya serikali nini hatafanya ndani yake.

"Siwezi kusema ya siku zote," alijibu hatimaye. "Siku zote ni ya Mungu. Lakini mpaka komisyo imalize kazi yake, hatatoka. Ata akisema mubaya. Ata nikikasirika, na nitakasirika." Akanigeukia, mara ya kwanza tangu ile ndoo. "Na yeye, kitu ya lupango yetu, aniambie kwanza miye kule nyumbani, mbele ya kuleta hapa. Na ile ya mulango yangu, asiisahau."

"Nakubali, Mama," nilisema. "Na ile ya mulango, nitaisema mwenyewe."

Basi naibu meya akafanya jambo ambalo sikulitazamia. Aliuliza ukumbi mzima: kwa nini iwe kwa huyu mama peke yake? Kila mpangaji aliye katika tume hii ana mwenye nyumba mahali fulani. Akapendekeza iandikwe kwamba hakuna mjumbe mpangaji atakayetolewa nyumbani kwa ajili ya kazi ya tume, mpaka tume imalize, na kwamba wenye nyumba wao wataitwa na kuambiwa hivyo na jiji. Mzee wa Panda, yuleyule, ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Wengine wakafuata. Mpangaji wa Shituru, kijana fundi chuma, alikuwa anapangusa macho na kusingizia vumbi, wakati mvua ilikuwa imelowesha jiji zima.

Uamuzi wa kwanza wa tume ya makazi. Tulikuwa hatujapewa hata chai.

Mzee wa suti ya kahawia alinifuata kwenye veranda baada ya kikao, akanishika mkono. Alisema hakutaka kunitoa, alitaka tu nisije nikaumizwa. Nilimwambia alifanya vizuri kuuliza. Nilimaanisha hivyo. Bila swali lake ningeingia katika tume na hofu yangu mfukoni, na kila nikifungua mdomo ningeipapasa kwanza.

Mama Henriette alikuwa amesimama kwenye ngazi, anaangalia mvua. Hakuniita. Teksi iliposimama aliingia, akasogea hadi dirisha la pili, akaacha mlango wazi. Nikaingia.

Teksi iliondoka.

"Usifikiri nimesahau," alisema.

"Sifikiri, Mama."

"Utaanza na nini, siku ya Mardi?" aliuliza, yaani Jumanne ya kikao kijacho. "Na choo?"

"Hapana. Na preavi." Ndivyo tunavyoita muda ambao mwenye nyumba anampa mpangaji kabla ya kumtoa.

"Miezi ngapi?"

"Tatu."

"Tatu." Alicheka kwa pua. "Kama miye nina mutoto anarudi, anataka kuoa, nimungoje miezi tatu nimulaze wapi? Moja."

"Papa Kasongo alitolewa na mutoto mudogo mu mukono, Mama. Mwezi moja anapata nyumba wapi? Na batoto?"

"Na mwenye halipi? Miezi tatu ya kukaa bule, na anapomaliza anabeba mulango?"

Sikuwa na jibu la hilo, nikamwambia sina. Alionekana kuridhika sana. Dereva, ambaye hakuna mtu aliyemuuliza, alisema yeye anapendekeza miezi miwili, na kwa mtu aliyeharibu nyumba muda uwe mfupi zaidi. Tulimgeukia wote wawili kwa pamoja. Mama Henriette alimwambia aangalie barabara. Lakini tulipovuka reli nilimwona anahesabu kwa vidole, midomo inacheza.

Tulibishana mpaka Kikula. Nimebishana na mama huyu kwa miaka mingi na sijawahi kufurahi hivi. Zamani kila neno langu lilikuwa malalamiko ya mpangaji wa chumba cha nyuma. Leo alikuwa ananisikiliza ili apate jibu la kunishinda.

Tuliposhuka alilipa teksi kabla sijafungua mkoba, akakimbilia kwake, mkoba juu ya kilemba. Baadaye, mvua ilipopungua kidogo, nilisikia anawaita watoto wangu. Walirudi na bakuli la vichwa vya samaki.

Deo alirudi kutoka kazini akiwa mweupe kwa vumbi la chokaa lililogeuka ujiuji. Nilimsimulia yote bila kukaa chini, naigiza mzee wa Panda, naigiza naibu meya, namwigiza Mama Henriette. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, maji yanamdondoka. Nilipofika kwenye ule uamuzi wa kwanza alinisimamisha.

"Ngoja. Mpaka komisyo imalize, hatutoki?"

"Hatutoki."

Alifikiri kidogo huku anavua koti.

"Basi muende polepole," akasema. "Musimalize mbio."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sasa amekwisha kuoga, anakula, anaangalia ninavyoandika. Anajua kwamba Jumanne nitaamka kabla yake. Nina miezi mitatu ya kutetea, nina mlango wa Mama Henriette wa kusemea, nina Papa Kasongo na mtoto wake. Yeye aombe twende polepole.

Mimi nina haraka.